Nyimbo za Mlangoni za Sele na Bashi Chola

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa muziki. Nilipewa kazi ya kukalia spika nyuma ya pikapu, kutoka Mlowo hadi Vwawa, isije ikarukaruka barabarani. Nilipofika nimejaa vumbi mpaka kwenye kope, nikaambiwa nisimame pembeni na nisishike kitu. Aliyeniajiri tulimwita Mwenye Vyombo, kwa sababu wakati ule ukitaka vyombo vya muziki vya kukodi pale Mlowo lazima upitie kwake: deki mbili za kanda, amplifaya moja iliyochemka kuliko jiko, na spika nne za mbao alizozichonga fundi wa majeneza. Mimi nilikuwa binti wa Mbebe, kule milimani Ileje, nimeolewa Mlowo, nauza chai mbele ya duka lake. Kila akijaribisha kanda mbovu nilimkosoa kutoka kwenye birika langu. Siku moja akachoka.

“Wewe mama una kelele sana,” akaniambia. “Njoo upigie kelele huku ndani, nikulipe.”

Ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ya kupiga muziki wa harusi, na nimeifanya mpaka magoti yalipokataa. Nyie vijana mnaojiita madiijei mmekuwa mkija kwangu mnaniomba niwaeleze ilivyokuwa, nami nikianza kueleza mnaangalia simu. Sasa nimeandika. Mtakayesoma mtasoma, na asiyesoma aendelee kubonyezabonyeza.

Kanda kwanza. Kanda haikuwa na kitufe cha kurukia wimbo unaoutaka. Ulichomeka kalamu ya biki kwenye tundu, ukaviringisha, ukaweka kwenye deki, ukasikiliza kwa sikio moja kwenye hedifoni huku sikio la pili likisikiliza ukumbi. Ulitafuta pale penye pumzi ya mwisho kabla ya ngoma ya kwanza. Hapo ndipo uliposimamisha, na wimbo ulikuwa umepangwa. Tulikuwa tunasema hivyo, kupanga wimbo. Ukikosea kidogo ukumbi unasikia mwisho wa wimbo mwingine, na wamama wa kamati wanageuka kukutazama kama umejamba. Leo mashine inakupangia yenyewe, na bado mnakosea.

Sasa nieleze wimbo wa mlangoni, maana ndio kiini cha haya yote. Kwenye harusi zetu ukoo hauendi kutoa zawadi kwa kutembea tu. Wanajipanga mlangoni, blanketi hizi, sufuria zile, mwingine ana ndoo kichwani, mwingine ameshika jembe jipya, halafu wanaingia wakicheza kwa mstari mpaka meza kuu walipokaa maharusi. Wanaingia kwa wimbo, na wimbo huo anauchagua mpiga muziki. Ukoo ukiupenda, hata bibi mwenye mkongojo anautupa. Ukoo usipoupenda hautoki mlangoni. Wanasimama pale na masufuria yao, wamenuna, na huwezi kuwasukuma.

Mwenye Vyombo hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini hili alinirudia mara kwa mara. “Keki ikianguka, harusi itaendelea,” alisema. “Ukoo ukigoma mlangoni, harusi imekufa, na wamekufa nayo maharusi.”

Nilidhani anatia chumvi. Kisha nikahamia Tunduma.

Tunduma nilikuwa chini ya Meneja wa Ukumbi, mtu mwembamba aliyevaa tai hata akiwa anafagia. Ukumbi ulikuwa jirani kabisa na mpaka wa Zambia, na nusu ya harusi zilikuwa za kuchanganya: binti wa huku na kijana wa Nakonde, upande wa pili wa mpaka, au kijana wa huku na binti wa Nakonde. Na hapo, jamani, ndipo nilipoanza kuchoshwa na binadamu.

Tulikuwa na waimbaji wawili wakubwa, na mkubwa wa kweli ni yule ambaye hata mtoto anayenyonya anatingisha kichwa akimsikia. Wa kwetu alikuwa Sele Mkarafuu, mtoto wa Pwani, sauti laini, viatu vyeupe, na wimbo wake wa “Marashi ya Jumatano” ambao nimeupiga mara nyingi kuliko nilivyosema Baba Yetu. Wa ng’ambo alikuwa Bashi Chola, kwa Kibemba ndiyo kusema Baba Chola, mtu wa Kitwe, sauti nzito, gitaa linalotembea kama mtu mwenye haraka, na wimbo wake wa treni. Wimbo huo wa treni ukilia Nakonde, hata anayenyolewa anasimama na sabuni kichwani.

Harusi yangu ya kwanza ya mpakani niliweka “Marashi ya Jumatano” ukoo wa bwana harusi ulipofika mlangoni. Walikuwa watu wa Nakonde. Niliona ni wimbo mzuri, wote wanaujua, nini tatizo? Hawakuingia. Nikadhani sauti ni ndogo, nikaongeza. Hawakuingia. Meneja wa Ukumbi akaja mbio na tai yake begani, akaniuliza kama nina akili. Nikabadili, nikaweka treni. Nakonde wakaingia kwa vigelegele, na watu wa huku wakaanza kutoka nje mmoja mmoja wakisema hawakuja kuchezea Zambia. Chakula kililiwa na nusu ya wageni.

Na mjue ni watu gani hao. Ni Wanamwanga kwa Wanamwanga! Simbeye wa huku ni ndugu na Simbeye wa kule, wanazikana, wanaazimana mbegu, sokoni wanasalimiana kwa Kinamwanga na kupunguziana bei. Mpaka wanauvuka kwenda kununua sukari kama mtu anayekwenda chooni. Lakini wakivaa suti na kushika sufuria yenye utepe, ghafla kila mmoja ana bendera, na bendera yenyewe ni wimbo mmoja wa mtu mmoja ambaye hamjui hata jina la mama yake. Niliwauliza baadhi yao wanitajie nyimbo tatu za Sele. Walinitajia “Marashi”, kisha wakanitajia “Marashi” iliyorekodiwa upya. Watu hawa hawampendi mwimbaji. Wanapenda wimbo mmoja, na wako tayari kuvunja undugu kwa ajili yake.

Nilichofanya kilitokana na hasira, sio akili. Nilisema kama nyimbo zenu kubwa ni bendera, basi nitatafuta zile ambazo hakuna aliyezishonea bendera. Pale mpakani malori hupanga foleni ndefu, madereva wanalala humo, na dereva asiye na la kufanya anasikiliza kanda. Nikaanza kubadilishana nao kanda. Nilikuwa napita na kikapu kama muuza maandazi. Walinipa kanda za Lubumbashi, za Ndola, za Dar es Salaam, nyingine zimelegea kwa jua la dashibodi. Humo ndimo nilimozikuta mbili ambazo ziliniweka mjini.

Ya kwanza ni ya Bashi Chola kabla hajawa Bashi Chola. Alikuwa utingo wa lori, anapita barabara yetu hii kwenda bandarini na kurudi, na alijifunza Kiswahili kwa kupigiwa kelele na madereva. Kanda ile aliirekodi wakati huo, sauti bado nyembamba, gitaa moja, na mtu anayegonga kitu kinachosikika kama dumu. Wimbo unaitwa “Nishushe Mlowo”. Anamwomba dereva amshushe Mlowo, na kila ubeti anatoa sababu mpya ya uongo: mara ana mgonjwa, mara amesahau koti, mara anataka kununua mahindi. Ubeti wa mwisho tu ndio anakiri kuna binti. Kiswahili chake kina Kibemba ndani, lakini nani wa Mbozi, wilaya yetu hii, atamcheka mwenzake kwa lafudhi? Ukiusikia unaapa ni kijana wa hapahapa kwetu.

Ya pili ni ya Sele. Huyu naye, kabla ya viatu vyeupe, alizamia Kitwe kutafuta studio, akakaa huko mpaka akaota mvi za njaa. Akaimba wimbo mmoja kwa Kibemba mwanzo hadi mwisho, “Naisa Mayo”, yaani nimekuja mama. Kijana amerudi nyumbani baada ya kuhangaika, hana kitu mkononi, amesimama nje ya mlango wa mama yake anabisha, na anaona aibu kuingia. Anabisha wimbo mzima. Mama hafungui mpaka ngoma inapokaribia kuisha, na hatujui kama anafungua kweli au kijana anajifariji.

Nimezilinganisha nyimbo hizo mbili miaka yote, na bado watu wakinikuta nazo wananiuliza swali lilelile la kipuuzi, nani mkali. Kwani ni mpira? Sikilizeni kwanza. Sele kwenye “Marashi” anajua unamsikiliza, unamsikia anavyojipendeza. Kwenye “Naisa Mayo” hajui kama kuna mtu, sauti inakatika pale inapotaka kukatika. Bashi Chola kwenye treni ana gitaa nne na tarumbeta mpaka mtu mwenyewe humuoni. Kwenye “Nishushe Mlowo” ana gitaa moja na uongo wake, na unamuona hadi jasho. Mmoja anachekesha, mwingine anauma, lakini mapigo yao yanakaribiana kiasi kwamba unaweza kushusha mmoja taratibu na kupandisha mwingine juu yake, na mguu wa mchezaji usijue. Wote wawili walikuwa vijana wenye njaa katika nchi isiyo yao, wakiimba kwa lugha ya wenyeji ili wakaribishwe. Hilo ndilo nililolisikia mimi. Wenzangu walisikia pasipoti.

Basi nikawa na njia yangu. Ukoo wa huku ukiwa mlangoni naweka “Nishushe Mlowo”, wanaingia wakijua ni wa kwao. Ukoo wa Nakonde ukifika naweka “Naisa Mayo”, wanaingia wakijua ni wa kwao. Kanda zenyewe nilizikwangua majina, nikazipaka rangi ya kucha, moja nyekundu na moja ya zambarau, asijue mtu. Watu wa Tunduma na Nakonde wakawa wanachezeana nyimbo kwa furaha isiyo kifani, na mimi nimekaa nyuma ya mashine nakunywa soda. Nilipoulizwa nani kaimba nilisema ni wa zamani, amefariki. Mungu anisamehe, wote wawili walikuwa hai na wanene.

Meneja wa Ukumbi alipostaafu nilinunua vyombo vyangu, nikarudi Mlowo, nikawa napiga kuanzia Tunduma hadi Isongole. Kanda zikaenda, zikaja sidii, zikaja flashi, ikaja kompyuta. Nyimbo zile mbili nilizihamisha kila mara kwa mkono wangu. Kwenye kompyuta niliziita Mlango wa Kwanza na Mlango wa Pili, na hazikunitupa hata siku moja, mpaka harusi ya mwanangu.

Mwanangu ni Atupele, binti yangu. Baba yake alifariki binti akiwa bado shule, kwa hiyo shughuli zote za kiume zilimwangukia kaka wa marehemu, shemeji yangu, ambaye kwenye kamati ya harusi tulimwita Mwenyekiti, na jina hilo likampanda kichwani. Ni mkulima wa kahawa, mtu mwema, anatoa kila alichonacho, lakini mdomo wake hauna breki. Na Atupele, katika vijana wote wa duniani, alimpenda Chanda wa Nakonde. Mama yake Chanda ni Mbemba wa Kitwe, anaitwa BanaChanda, mama Chanda, mwanamke mrefu asiyepandisha sauti. Mtu asiyepandisha sauti mimi huniogopesha.

Kamati zote mbili zilikutana kwangu kupanga ratiba. Tulipofika kwenye muziki nikasema jambo hilo niachieni mimi. Mwenyekiti hakuniachia. Alisimama, akakohoa, akasema huku ni Tanzania, ukumbi ni wetu, kwa hiyo atapigwa Sele, na huyo Bashi Chola wao watamchezea wakishavuka. Alisema huku anacheka, alidhani ni utani wa ukwe. Watu wa kwao hawakucheka. BanaChanda alimaliza chai yake kwanza.

“Sawa, mukwai,” akasema, kwa neno la heshima la kwao. “Tutakuja, tutakula. Ila mimi mtaniona nimekaa.”

Maneno yale yalikuwa mazito, na nieleze kwa nini. Ukoo wao una desturi. Wakimaliza kutoa zawadi, mama wa bwana harusi anatoka na blanketi alilokuja nalo, anamfunika bibi harusi mabegani mbele ya watu wote. Ndiyo kusema nimekupokea, wewe ni wangu. Asipoinuka, binti ameolewa na kijana tu. Atakwenda kuishi kwenye uwanja wa mwanamke ambaye hakumpokea, na kila jirani wa Nakonde atajua.

Nilimfokea shemeji wageni walipoondoka, nikamfokea mpaka kahawa ikapoa. Alisikitika kweli, lakini kuomba radhi alikataa, akasema Mwenyekiti hawezi kurudi nyuma kwa ajili ya wimbo. Nikamwambia ni yeye aliyekwenda mbele kwa ajili ya wimbo. Atupele alikuwa mlangoni anasikiliza yote. Hakulia, na hilo liliniumiza zaidi. Alisema tu, “Mama, nyie mtarudi nyumbani kwenu. Mimi ndiye nitakayeishi naye.”

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mama yake anajua kazi yake.

Siku ya harusi nilikataa kukaa meza ya wazazi. Watu walisema mama wa bibi harusi gani huyu anakaa nyuma ya miksa na hedifoni juu ya kilemba. Niliwaacha waseme. Nilikuwa nimevaa gauni la kushona, limebana, na nilikuwa na Mlango wa Kwanza na Mlango wa Pili.

Ukoo wetu ulianza. Nikaachia “Nishushe Mlowo”. Jamani, wa Mbozi waliingia! Mwenyekiti alivua koti akaliacha kwenye kiti na simu yake ndani, akaingia mbele ya wote na jembe juu ya bega, akizunguka, akichuchumaa, akiitikia “nishushe, nishushe” kama yeye ndiye aliyekuwa kwenye lori. Alitoka jasho mpaka tai ikabadilika rangi. Alimchezea Bashi Chola kwa moyo wake wote, na alipopita mbele yangu akaniambia hiyo ndiyo ladha ya kwetu. Nikasema ndiyo, shemeji.

Kisha wakajipanga wa Nakonde. BanaChanda alikuwa amekaa, kama alivyoahidi, blanketi limekunjwa magotini, macho mbele. Nikaachia “Naisa Mayo”. Shangazi zake Chanda wakaanza kuingia na ndoo zao, na mimi nikawa sioni ndoo, namwona yeye tu. Sele alipobisha ule mlango mara ya kwanza, mama yule akainamisha kichwa. Alipobisha mara ya pili, nikaona kidole chake kinapiga blanketi. Ubeti wa tatu akainuka. Hakuna aliyemwinua. Akajiunga na mstari nyuma kabisa, akacheza polepole sana, blanketi mikononi, machozi yanamtoka bila aibu. Nilisema moyoni, asante Sele, asante kwa njaa yako ya Kitwe.

Sasa Mwenyekiti. Alikuwa ameonyeshwa karibuni ile programu ya kwenye simu inayosikiliza wimbo na kukutajia jina la mwimbaji, na alikuwa anaielekezea kila kitu, hata kengele ya kanisa. Alikuwa amerudi kwenye koti lake. Nilimwona akiinua simu kuelekea spika, na kutoka nilipokuwa sikuweza kufanya lolote. Aliangalia kioo, akatabasamu tabasamu pana la mtu aliyeshinda, akamnyang’anya mshereheshaji kipaza sauti.

“Ndugu wageni,” akasema, “naomba niwajulishe. Huyo mnayemchezea ni Sele Mkarafuu. Wa kwetu. Tumewashika.”

Watu wa huku wakapasuka kwa kicheko. Shangazi wa kwanza aliposikia akasimama, aliyemfuata akamgonga mgongoni na ndoo, na mstari wote ukakwama katikati ya ukumbi. Mjomba mmoja wa Chanda akageuka na kuanza kurudi mlangoni. Walikuwa wanacheza, jamani! Miguu yao ilikuwa inapenda! Hakuna kilichobadilika kwenye wimbo ule, hata pigo moja. Kilichobadilika ni kuambiwa.

Nikashusha sauti mpaka kimya. Na pale nilikwama. Nikirudisha “Naisa Mayo”, wa Nakonde wanatoka. Nikiweka treni, wa kwetu wanatoka. Nikishika kipaza sauti nikasema ukweli, kwamba Mwenyekiti wenu ameshachuchumaa kwa Bashi Chola, nitakuwa nimewaaibisha wote na hakuna atakayebaki kwenye kiti. Mkono ulikuwa juu ya miksa, macho kwenye orodha ya nyimbo, natafuta wimbo mmoja tu ambao haukuwa wa mtu. Nyimbo zote za maisha yangu zilikuwa mle. Sikuuona.

Kisha nikasikia viatu. BanaChanda alikuwa ametoka kwenye mstari anatembea peke yake, bila muziki, katikati ya ukumbi ulionyamaza, mpaka meza kuu. Akalikunjua blanketi, akamfunika mwanangu mabegani, akaliweka vizuri shingoni kama unavyomfunika mtoto wa shule asubuhi ya baridi. Atupele akamwegemea. Shangazi wa mbele akapiga kigelegele, wa kwetu wakaitikia, na mjomba aliyekuwa mlangoni akarudi. Mwenyekiti alibaki na kipaza sauti mkononi, hakuna aliyemwangalia, na baada ya muda akaenda mwenyewe kumsalimu BanaChanda kwa magoti. Harusi ikaendelea. Walikula wote.

Sikupiga tena harusi nyingi baada ya hapo. Magoti ndiyo yaliyonistaafisha rasmi, lakini kuchoka kulianza mapema. Baada ya harusi ile “Naisa Mayo” ikajulikana, na mnajua kilichofuata. Kamati za huku zikaanza kuja kwangu zikitaka ule wimbo wa Sele wa Kibemba, upigwe na utangazwe, wapate kuwatania wakwe. Wimbo wa kijana anayebisha mlango kwa aibu wameugeuza fimbo. “Nishushe Mlowo” bado hawajaigundua, hata ile programu ya simu haiijui, na shemeji yangu ameiweka kuwa mlio wa simu yake. Kila ikilia anawaambia watu huyo ni Sele, kabla hajaharibiwa na umaarufu. Sijamwambia, na nyie mkimwambia tutakosana.

Vyombo nimeviuza. Kijana aliyenunua aliniuliza siri ya kazi. Nikamwambia asikilize nyimbo ambazo hakuna anayeziomba. Akaniuliza kama zina watazamaji wengi mtandaoni. Nikamwonyesha njia ya kutokea.

BanaChanda huja kunitembelea. Anavuka asubuhi na basi la Tunduma, anashuka Mlowo, anakaa hapa barazani ananimenyea maharage bila kuombwa, na tunasikiliza zile nyimbo mbili. Tunabishana sana. Yeye anasema ya Sele ni bora, kwamba Bashi Chola utingo alikuwa anacheza tu na maneno. Mimi nasema ya Bashi Chola ni bora, kwa sababu kumchekesha mtu mwenye njaa ni kazi ngumu kuliko kumliza. Hatujawahi kukubaliana, na tunapandishiana sauti, hata yeye.

Mwezi uliopita nikamuuliza jambo ambalo lilikuwa limenikaa tangu siku ile. Nilitaka kujua ilikuwaje akatembea, wakati ukoo wake wote umesimama na shemeji yangu ameshamtukana mara mbili. Nilitegemea aniambie ni wimbo. Nilitaka aniambie ni wimbo, kusema kweli, maana hiyo ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote.

Akaendelea kumenya maharage.

“Nilikuwa nakusubiri wewe uweke kitu kingine,” akasema. “Ulikawia. Wewe ulikuwa unaangalia mashine, mkwe. Mimi nilikuwa namwangalia mtoto, na mtoto alikuwa ameanza kulia.”